Njia ya Maji Tana: Jema na Baya Tulipime kwa Nini?



Kama umewahi kupita Garsen wakati wa kiangazi, umejionea mwenyewe. Ng'ombe wa Waorma hushuka mtoni na kiu yao. Kando ya mto Mpokomo ana mahindi, ndizi na mpunga wake. Njia ya kupitisha mifugo hadi majini huitwa malka. Malka ikizibwa kwa shamba, ng'ombe hufa. Ng'ombe wakiacha njia, shamba huliwa. Sasa nani mwenye haki?

Swali hili limemwaga damu. Mwaka 2001, mpango wa kupima ardhi uliwatia wafugaji hofu ya kufungiwa mto, na watu wakauana. Mwaka 2012 yakarudi. Tarehe 22 Agosti zaidi ya watu 50 waliuawa Reketa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba wakafa 38 Kilelengwani, tisa kati yao polisi. Desemba ikawa Kipao. Na kila mara hoja ni ile ile: "Wao ndio walioanza."

Hebu tuipime hoja hiyo. Wanafalsafa wametuachia mizani tatu.

Ya kwanza hutazama matokeo. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, alifundisha kuwa jema ni lile lenye kuzidisha furaha na kupunguza maumivu. Sawa, lakini maumivu ya nani? Mizani hii yataka kila anayeguswa ahesabiwe, na mwenye kisasi huhesabu watu wa kijiji chake tu.

Ya pili hutazama wajibu. Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba utende lile tu ambalo ungekubali liwe sheria kwa wote. Je, wakubali kila aliyeliwa shamba achome nyumba? Hata yako?

Ya tatu hutazama tabia. Aristotle wa Ugiriki, na baadaye Imam Ghazali aliyefariki 1111, walieleza kuwa wema hujengeka kwa mazoea. Kijana aliyezoea kusifiwa kwa kulipiza, subira ataitoa wapi siku ya siku?

Basi kisasi kimeanguka katika mizani zote tatu. Lakini shamba bado limeliwa, si ndio? Hapo tusome Surat Al-Anbiyaa, kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) walipohukumu kesi ya kondoo walioingia shamba la watu usiku. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo. Suleiman akaona atumie maziwa na sufi yao huku mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu achukue chake.

Angalia hukumu hiyo, ndugu yangu. Aliyepoteza analipwa, na aliyekosa hafilisiwi. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na Matadeda wa Waorma wana kazi ya namna hiyo: kukalisha watu na kusikiliza pande mbili. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa maji na malisho ni vya kushirikiana.

Kwa hiyo ukisikia "wao ndio walioanza", usiulize nani. Uliza: shamba litarudi vipi, na ng'ombe watakunywa wapi?

Allah atujaalie subira ndani ya Ramadhan na baada yake. Amin.