Mathenge ukishaingia uani: namna ya kuung'oa bila kuumia

Katika miti yote inayowasumbua watu wa Tana River, kuanzia Madogo na Bangale hadi Bura, Hola na Garsen, hakuna unaotajwa kwa uchungu kama mathenge. Wanasayansi wauita Prosopis juliflora, na asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Kenya uliletwa kwa nia njema. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya mawe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba wa Bura ili watu wapate kuni. Kuni zikapatikana, lakini mti nao ukakataa kukaa pale ulipowekwa.

Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na wakaenda Nairobi mahakamani na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Wengine walicheka. Mfugaji wa kwetu hakucheka, maana ajua kuwa ganda la mathenge ni tamu, sukari yake hukwama menoni na meno huoza. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu chini ya Sura ya 325, sheria inayomtaka mwenye ardhi aling'oe gugu la namna hiyo. Kwa hiyo aliyeuleta ni mwingine, na anayetakiwa kuung'oa ni wewe. Haya, tuung'oe.

Kwanza hakikisha kwamba ni mathenge kweli. Nimeona watu wakiangusha mgunga wa asili, wenye kivuli cha wazee na chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, kwa kudhani ni adui. Maua ya mathenge ni ya manjano, yamejipanga kama mkia mwembamba. Ganda lake ni refu, likiiva huwa la manjano, na halijisokoti. Mgunga wa kwetu, ule wenye umbo la mwavuli, una maua meupe ya mviringo na maganda yaliyojikunja kama pete. Tena kiangazi kikikaza, mathenge hubaki kijani wakati jirani zake wamekauka. Na kama kichaka kiko kwenye ardhi ya jamii, si ndani ya ua wako, zungumza na wazee kabla hujashika shoka.

Sasa miiba. Hii yataka heshima. Mwiba wa mathenge hupenya ndala, hupenya akala, na matairi ya bodaboda yaujua vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye boma lake liko upande huo, alichomwa kisiginoni akielekea kisimani. Ncha ikakatikia ndani, mguu ukavimba, na kwa wiki kadhaa akawa anaswali ameketi. Hilo ndilo lililonifanya niache kuuona mti huu kama habari ya gazeti. Vaa kiatu cha soli nene na ngumu, glovu za ngozi, suruali nzito na miwani ya kukinga macho, maana tawi lililokunjwa likiachiwa hurudi usoni. Ukichomwa, usichokonoe kwa sindano ya cherehani. Osha kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati ukatolewe kipande kilichobaki na uulizie sindano ya pepopunda.

Jambo la pili ni nyoka. Kichaka cha mathenge kina kivuli na panya, na moma hupenda vyote viwili. Piga chini kwa fimbo ndefu kabla ya kuingia, na usitie mkono mahali jicho halijafika. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Mlaze, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali upesi. Swila akimtemea mtu machoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Fanya kazi baada ya alfajiri, na ikifika saa nne acha. Jua la Bangale halina mchezo, na mtu aliyechoka ndiye hukosea panga.

Hapa ndipo wengi hupoteza jasho bure. Mathenge ukikatwa juu ya ardhi haufi. Shina moja linageuka machipukizi kumi, na mwaka unaofuata kichaka ni kinene kuliko kile ulichokata. Wachoma mkaa wengi hufanya hivyo: wanachukua gogo, wanakuachia kisiki. Macho ya kuchipua yako kwenye sehemu ya juu ya mzizi, chini kidogo ya udongo. Kwa hiyo ondoa matawi kwanza, yarundike pembeni, kisha chimba kuzunguka kisiki kwa jembe na sururu na ukate mzizi kiasi cha sentimita 30 chini ya ardhi. Mizizi ya chini zaidi iache, haitachipua. Kuchoma moto kichaka kilichosimama hakusaidii, maana mti mkubwa huchipua tena, na moto waweza kuhamia kwa jirani.

Kisiki kikubwa kilichokushinda waweza kukirundikia matawi makavu na kukichoma polepole siku isiyo na upepo, baada ya kufukua udongo ulio juu ya mizizi. Dawa za kuua miti zipo, lakini ulizia iliyosajiliwa na PCPB, fuata maelezo ya afisa wa kilimo, na usiitumie kabisa karibu na laga au kisima. Maji yetu ni machache mno kuyachezea.

Mbao na mkaa wa mathenge ni mzuri, na waweza kulipa vibarua. Lakini kanuni za mkaa zimebadilika mara nyingi tangu 2018, basi pita ofisi ya huduma ya misitu kabla ya kupakia gunia kwenye lori. Maganda nayo yaokote. Mbuzi akiyala mazima, mbegu hupita tumboni ikiwa salama na hupandwa pamoja na mbolea yake. Yakisagwa laini mbegu hufa, na unga wake waweza kuchanganywa kidogo na malisho mengine.

Wa Garsen na delta wana adui mwingine: upupu. Huu ni mtambaa, na kinachowasha ni manyoya ya ganda lake. Ukate ganda likiwa bichi, au baada ya mvua manyoya yakiwa yamelowa na hayapeperuki. Simama upande upepo unakotoka, funika mwili wote, kata shina karibu na mzizi, kisha fukia maganda. Usiyachome. Yakikupata, usijikune. Bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue ili itoe manyoya, ndipo uoge kwa sabuni. Nguo zifuliwe peke yake.

Na mnyaa tunaopanda kuwa ua, usidharau utomvu wake mweupe. Tone moja jichoni laweza kumlaza mtu hospitali. Osha jicho kwa maji safi bila kulisugua na uende ukaonwe siku hiyo hiyo.

Baada ya kusafisha, usifanye pahala hapo kuwa zizi la mbuzi. Panda nyasi au miti ya asili haraka, kwani mbegu za mathenge hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Mvua zikinyesha, pita uani kila wiki. Miche iliyo chini ya goti hung'oka kwa mkono udongo ukiwa mbichi, na mtoto mwenye viatu aweza kukusaidia. Ukiiacha mpaka kiangazi, utahitaji tena sururu.