Ngozi Ilitangulia Kusema

Mwaka 1907, mjini Vienna, daktari wa ngozi Salomon Ehrmann alieleza mistari ya zambarau iliyojichora mwilini kama wavu uliokatika nyuzi. Akaihesabia kaswende. Mwaka mmoja kabla, August Wassermann na wenzake nchini Ujerumani walikuwa wametangaza kipimo cha damu cha ugonjwa huohuo, na zama zile kaswende ilitwishwa mengi yasiyo yake.

Kipimo nacho kilikuwa na hila. Mwaka 1941 Mary Pangborn alitenga kwenye moyo wa ng'ombe mafuta yaliyokiwezesha kufanya kazi, yakaitwa kadiolipini. Upimaji ulipoenea, watu wasio na kaswende hata chembe, wakiwemo wanawake wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wakaambiwa wanayo. Ndoa ngapi ziliingia shaka kwa sababu ya karatasi ya majibu!

Kisha, mwaka 1952, Conley na Hartmann wa Marekani wakaona damu ya wagonjwa wa lupasi ikichelewa kuganda kwenye chupa ya maabara. Ungetarajia wagonjwa hao wavuje damu. Kumbe kwa baadhi yao damu ileile iliganda ovyo mwilini: miguuni, mapafuni, kwenye ubongo, hata kwenye kondo la nyuma, mimba zikaharibika.

Ngozi ilikuwa imeshatoa taarifa. Mwaka 1965, huko Sheffield, Ian Sneddon aliandika juu ya wagonjwa sita waliokuwa na wavu ule na kiharusi kwa pamoja. Lakini aliyeunganisha mambo haya yote ni Graham Hughes, London, mwaka 1983: mabonge ya damu, mimba kutoka, maradhi ya ubongo, na kingamwili zinazoshambulia mafuta ya mwili wenyewe, kama ile kadiolipini. Mwaka huohuo Nigel Harris na wenzake wakatoa kipimo cha kingamwili hizo. Ndiyo sindromu ya antifosfolipidi.

Yanayotokea ngozini si fumbo. Mishipa midogo huziba, damu hujikokota pembeni na kuacha rangi ya zambarau. Kipande kikikosa damu kabisa hufa, hutoka kidonda chenye maumivu makali karibu na kifundo cha mguu, nacho kikipona huacha kovu jeupe. Kwenye ngozi nyeusi wavu huo hufifia, na daktari mwenye haraka huupita tu.

Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 1,000 wa sindromu hii, uliukuta wavu kwa takriban robo yao. Hata hivyo vigezo vya kuuainisha ugonjwa huu, vile vya Sapporo na vya Sydney vilivyochapishwa mwaka 2006, viliiacha ngozi nje, kwa hoja kwamba dalili zake huonekana hata kwa wasio na ugonjwa huu. Hoja ina uzito, ingawa kwangu ilikuwa ukali uliopita kiasi. Vigezo vipya vya mwaka 2023 vimeirudisha: wavu uliokatika, ukionekana kwa macho, huhesabiwa alama 2, vidonda vya kifundoni vikithibitishwa kwa kipande cha ngozi chini ya hadubini, alama 5.