Kitabu Bila Kompyuta: Kutoka Redio ya Kundi Hadi Kitochi



Mwari akiolewa akahama Unguja kwenda Songwa, wilayani Kishapu, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui, tunamfungia kanga, udi na vyombo. Vitabu vinaachwa kwa uzito wake. Tunamwambia, "Siku hizi vyote vimo mtandaoni." Lakini kompyuta hana, na pengine hata simu janja hana. Je, kusoma kwake ndiyo basi?

Sivyo. Mkoa huo wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya kisomo cha watu wazima pamoja na UNESCO, kuanzia 1968. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, na asiyejua kusoma alisomewa kijitabu na mwenzake. Nakala moja ilifaa wengi.

Kumbe miaka miwili nyuma, 1971, huko Marekani, Michael Hart alikuwa ameshaandika Azimio la Uhuru la nchi yake ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Ndipo ilipoanza Project Gutenberg. Alishikilia maandishi matupu yasiyo na mapambo, ili mashine yoyote iyafungue. Maandishi hayo ni mepesi, hata simu ndogo huyabeba.

Mwaka 2010 Worldreader ilianza Ghana na vifaa vya kusomea vya mkononi, ikaingia Kenya, kisha ikapeleka vitabu kwenye simu za kawaida. Na hapa nchini, kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 2,700 wa vijiji vya Tanga walipewa vishikwambi vya masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa sola. Wengi hawakuwahi kuingia skuli, na zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Basi dada zetu, kwenye sanduku la biharusi tutie na memori kadi: vitabu vya maandishi matupu, na vingine vya sauti. Kitochi chenye sehemu ya kadi hucheza sauti, na baadhi hufungua maandishi. Kile anachokipenda zaidi tukipeleke steshenari, kichapwe na kushonwa.

Akifika ugenini, asisome peke yake. Awaite wifi na majirani baada ya alasiri, mmoja asome, wengine wasikilize, kama walivyofanya bibi zao mbele ya redio. Huenda hapo ndipo atakapopata mashoga wake wa kwanza, inshaallah.