Shule za ufundi za Serikali katika majimbo ya mashariki: pa kuulizia na mambo ya kuhakikisha

Mtoto akimaliza mwaka wa nane anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa unaosaidia kumuelekeza katika masomo yanayofuata. Hapo ndipo wazazi wengi wanaanza kutafuta shule ya ufundi: umeme, mekanike, ujenzi, ushonaji, kilimo, mifugo, biashara. Lakini kibao cha mlangoni hakisemi yote. Shule inaweza kuwa ya Serikali kweli, na bado opsioni moja ndani yake haina kibali. Mzazi asipouliza mwanzoni, mtoto anaweza kusoma miaka yote na kukuta shida wakati wa kuandikishwa kwa Exetat.

Shule ya Serikali ni ipi?

Kuko aina mbili. Ya kwanza ni zile Serikali inaongoza yenyewe, zinazoitwa «officielles» ao «non conventionnées». Ya pili ni «conventionnées», zinazoongozwa na madini kufuatana na mapatano ya tarehe 26 Februari 1977: katoliki, protestanti, kimbangu, islamu na wengine. Hizo pia ni shule za Serikali, hata kama kwenye kibao kuko jina la parokia ao la kanisa. Ile inayoitwa «Complexe scolaire», mara nyingi ni ya mtu binafsi.

Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yalikuwa ya shule ya msingi. Kwa humanités techniques, mzazi ajitayarishe kulipa. Malipo yanawekwa kila mwaka na arrêté ya gavana wa jimbo. Ni haki ya mzazi kuomba kuiona mbele ya kutoa makuta.

Herufi za kwenye kibao

ITI ni Institut technique industriel: hapo ni umeme, mekanike na kazi zinazofanana. ITA ni ya kilimo, ITAV ni ya kilimo na mifugo, ITC ni ya biashara. ITM ni ya kufundisha wauguzi, nayo inafuata wizara ya Afya. Kwa ITM, usipoteze siku kwenye ofisi ya masomo: uliza kwenye division provinciale ya Afya.

Masomo ya ufundi ya sekondari yako na njia mbili. Cycle long ni ya miaka minne kisha mwaka wa nane, na inaishia kwa Exetat na Diploma ya Serikali. Cycle court ni fupi zaidi na inatoa brevet. Anayetaka kuendelea chuo kikuu anahitaji Diploma ya Serikali, kwa hiyo aulize shule iko na cycle gani.

Pa kuulizia, jimbo kwa jimbo

Orodha ya shule zenye kibali iko kwenye ofisi ya jimbo la elimu, inayoitwa PROVED, na kwenye Sous-PROVED iliyo karibu zaidi. Jimbo moja la utawala linaweza kuwa na majimbo ya elimu kadhaa, ndiyo maana mtu wa Butembo halazimike kufika Goma.

- Kivu ya Kaskazini: Nord-Kivu 1 iko Goma, Nord-Kivu 2 iko Butembo. Katika shule za ufundi zinazojulikana Goma kuko ITIG ya Wasalesiani wa Don Bosco.
- Kivu ya Kusini: Sud-Kivu 1 iko Bukavu, Sud-Kivu 2 iko Uvira. Bukavu kuko Institut Technique Fundi Maendeleo, ITFM.
- Ituri: Bunia ndipo pa kuanzia. Watu wa Mahagi na wa Aru waulize kwanza ofisi za kwao.
- Maniema: Kindu, na kwa upande wa kusini, Kasongo.
- Tanganyika: Kalemie.
- Tshopo: Kisangani.

Kwa shule za madini, uliza pia kwenye coordination ya dini inayohusika. Wao wanajua shule zao zote mpaka vijijini, hata zile zisizokuwa kando ya barabara kubwa.

Kwa asiyerudi darasani

Kijana aliyeacha masomo ao mtu mzima anayetaka kazi ya mikono, kuko njia zingine. INPP, iliyoundwa 1964, inafundisha ufundi kwa muda mfupi: umeme, kuchomelea vyuma, mekanike ya magari, kompyuta. Iko na direction Goma, Bukavu na Kisangani. Kuko pia centres de formation professionnelle za wizara ya Formation professionnelle, na vituo vya wizara ya Affaires sociales kwa vijana waliotoka shuleni mapema. Hati ya INPP inasaidia kutafuta kazi, lakini haiko Diploma ya Serikali. Asikuambie mtu kwamba ni kitu kimoja.

Maswali ya kumuuliza prefe

1. Arrêté ya kibali iko wapi, na inataja opsioni gani? Jina la opsioni ya mtoto linapaswa kuwa ndani.
2. Shule iko na matricule ya DINACOPE, ile ya zamani SECOPE? Shule inayoitwa «nouvelle unité» inaweza kuwa ya Serikali lakini walimu wake hawajaanza kulipwa. Mara nyingi mzigo huo unaangukia wazazi.
3. Atelier iko, na vyombo vinafanya kazi? Omba kuingia uone. Opsioni ya umeme bila nyaya wala moteri ni masomo ya ubaoni tu.
4. Wa mwaka jana waliandikishwa kwa Exetat kwa jina la shule hii, ao walipelekwa kwingine?
5. Stage inafanyika wapi? Kwa fundi, mtihani uko pia wa mikono.

Kwa waliohama

Tangu mapigano ya mwanzo wa 2025, familia nyingi za Goma, Bukavu na za vijijini zimehama. Mwanafunzi wa ufundi anaumia zaidi, sababu opsioni yake haiko kila mahali: wa tatu mekanike hawezi kuingia tu wa nne biashara. Kama njia iko, shika bulletins zote, attestation ya shule ya zamani na matokeo ya TENASOSP, na upige picha ya kila karatasi kwa simu. Kama karatasi zimepotea, enda kwanza kwenye Sous-PROVED ya mahali ulipofikia, ukiwa na jina la shule, la opsioni na mwaka. Fanya hivyo mbele ya masomo kuanza Septemba, sababu nafasi katika atelier ni chache.