Mkasi Uliohuisha Vivuli

Kuhuisha ni kukitia uhai kisichokuwa nao. Hiyo ndiyo kazi ya mhuishaji wa picha, na anayetaka kuianza aghalabu huuliza kwanza chuo kiko wapi na vifaa vinauzwa bei gani. Maisha ya Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899, yanalijibu swali hilo kwa namna nyingine. Alipoanza yeye, chuo cha kazi hiyo hakikuwako. Alichokuwa nacho ni mkasi.

Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata sura katika karatasi nyeusi na kuwachezeshea jamaa zake michezo ya vivuli. Baadaye aliingia katika shule ya maigizo ya Max Reinhardt. Huko, waigizaji wakubwa wakiwa jukwaani, yeye alisimama kando akizikata sura zao, angalau wapate kumtambua. Aliyemtambua ni Paul Wegener, mwigizaji na mtengenezaji wa filamu. Hakumpa cheo, alimpa kibarua cha kukata vivuli vya kupambia maandishi ya filamu zake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na binti huyo aliinama. Mwaka 1918 Wegener alipokuwa akitengeneza filamu ya mpiga filimbi wa Hameln, panya wa kweli hawakukubali kuongozwa. Ikabidi wachongwe panya wa mbao, wasogezwe kidogo kidogo, na kila wanaposogezwa wapigwe picha moja. Reiniger alikuwa miongoni mwa waliowasogeza. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyokuwa darasa lake. Wegener akampeleka kwa vijana waliokuwa na taasisi yao ya filamu mjini Berlin, na mwaka 1919, akiwa na miaka 20, alitoa filamu yake fupi ya kwanza.

Mwaka 1923, fedha ya Ujerumani ilipokuwa ikipoteza thamani kila kukicha, tajiri wa benki Louis Hagen alikuwa amenunua shehena ya mikanda ya filamu ili kuihifadhi mali yake. Akamtaka Reiniger aitumie kwa filamu ndefu, akampa chumba juu ya banda la magari huko Potsdam. Reiniger, mumewe Carl Koch na wenzao wachache walifanya kazi humo kwa miaka mitatu. Sanamu bapa, zenye viungo vilivyofungwa kwa waya, zililazwa juu ya kioo. Taa ikawaka chini, kamera ikatazama kutoka juu. Inakadiriwa kuwa zilipigwa picha 250,000, na zilizotumika hazifiki nusu.

Haba na haba hujaza kibaba. Kilichojaa ni *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, iliyoonyeshwa Berlin mwezi Mei 1926. Msomaji wa Pwani hahitaji kuhadithiwa kisa chake, kwani farasi arukaye, Peri Banu na Aladini na taa yake ni wageni wa zamani katika baraza zetu, waliokuja na Alfu Lela Ulela. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani, nayo ilitangulia *Snow White* ya Walt Disney kwa miaka kumi na moja.

Neno "zilizosalia" si la kupita tu. Mkanda wa asili wa filamu hiyo ulipotea katika vita vya Berlin mwaka 1945, na inatazamwa leo kwa sababu nakala yake ilikuwa imehifadhiwa London. Reiniger mwenyewe alihamia London mwaka 1949, nchi yake na mkanda wake vikiwa vimeharibiwa na vita. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Akatandaza karatasi nyeusi, akashika mkasi, akaanza tena kama alivyoanza mwanzo. Na kabla hajafariki mwaka 1981 alikuwa ameacha filamu nyingine nyingi za vivuli.