Ngazi Isiyopandika

Kidato cha chini ni mbao halisi (tafadhali usikikanyage). Vinavyofuata ni rangi tupu juu ya turubai. Charles Willson Peale, aliyeanza maisha kama fundi wa matandiko ya farasi, aliichora picha hii Philadelphia mwaka 1795 na kuitia ndani ya fremu ya mlango ili mgeni ahadaike. Ngazini wapo wanawe: Raphaelle, aliyeshika kibao cha rangi, na Titian, anayechungulia kutoka juu. Ndugu yao Rembrandt alisimulia kwamba George Washington alipopita aliwainamia kwa salamu. Titian alifariki 1798, akiwa na miaka 18. Raphaelle aligeukia kuchora matunda mezani, wakati wateja walitaka sura zao wenyewe.