Adapta Si Kigeuzi

Mgongo wa kompyuta ya mezani umejaa matundu. La kijani, la waridi, la buluu ya mpauko. Kwenye baadhi ya kompyuta liko pia tundu la duara lenye rangi ya chungwa, na pembeni yake kijitundu cha mraba chenye kifuniko cheusi kama kope. Mtu aliyenunua spika anashika waya wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, anayatazama matundu hayo, kisha anarudi dukani kuomba adapta. Muuzaji anampa. Adapta inaingia, inakaza, haichezi. Sauti haitoki.

Mnunuzi hakukosea kuomba, na muuzaji hakukosea kutoa. Aliyewaangusha ni neno.

Tuyaangalie kwanza maneno ya sokoni, kwa sababu mengi yanafanya kazi vizuri. Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kinachochomekwa ni pini au plagi, na kinachopokea ni tundu au soketi. Pini zina za kiume na za kike, na hakuna anayecheka. Mpiga gitaa husema jeki, akimaanisha ile pini nene ya milimita 6.35 iliyoanzia kwenye mitambo ya kuunganishia simu katika karne ya 19. Mdogo wake, wa milimita 3.5, ndiye anayeingia kwenye simu na kwenye tundu la kijani la kompyuta.

Jeki ina kazi nyingine pia. Huinua gari lililopata pancha, na nchini Kenya kumpiga mtu jeki ni kumsaidia ainuke. Plagi nayo imo ndani ya injini ya pikipiki, ikitoa cheche. Hata hivyo hakuna anayepotea. Fundi wa gereji akiagiza jeki haletewi pini ya gitaa, kwa kuwa mahali penyewe panatosha kueleza. Neno kuwa na maana nyingi si tatizo, mradi maana hizo hazikutani mezani pamoja.

Zikikutana, ndipo taabu inapoanza. Kipaza sauti ni neno zuri kwa umbo, limetoka kwenye kupaza, na tumelitumia kwa kile anachoshika mhutubiaji mkononi na kwa kile kinachotundikwa juu ya mnara wa msikiti. Uwanjani hilo halina madhara. Nyuma ya kompyuta lina madhara, kwa sababu vitu hivyo viwili vina matundu mawili tofauti. La waridi ni la maikrofoni, na la kijani ni la spika. Ndivyo rangi zilivyopangwa katika mwongozo wa PC 99, ulioandaliwa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwambie mtu kwa simu achomeke kipaza sauti, na atakuuliza kwa haki kabisa: kipi?

Ndiyo sababu neno la mkopo, spika, limeshinda. Bunge nalo lina Spika wake, lakini sarufi imewatenganisha bila ugomvi: Spika ameahirisha kikao, spika zimeungua.

Sasa twende kwenye majina ya pini zenyewe. Ile yenye kichwa chekundu na cheupe huitwa RCA, herufi za Radio Corporation of America, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919. Kile kijitundu cha mraba hupokea waya wa TOSLINK, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983, na jina limetokana na kampuni. Mfumo wa kusafirisha sauti ya dijitali unaotumia tundu hilo, na lile la rangi ya chungwa, huitwa S/PDIF, ambamo S ni Sony na P ni Philips, kampuni zilezile zilizoleta santuri ya CD mwaka 1982. Majina yote hayo yanakwambia nani alitengeneza. Ukiyasikia tu, hakuna hata moja linalokwambia kinachopita ndani.

Na kinachopita ndani ndilo jambo lenyewe.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Katika waya wa analogi, umeme hufuata mwendo huohuo: hewa ikisukumwa zaidi, volti hupanda, ikilegea, hushuka. Neno la Kigiriki lililozaa analogi lina maana ya ulingano, na hapa ulingano ni wa kweli, kwani umeme unalingana na sauti hatua kwa hatua. Katika waya wa dijitali ulingano huo haupo. Kinachopita ni hesabu. Kwenye CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu za 0 na 1, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, zikipita kama mipigo ya umeme kwenye waya, au kama mwanga mwekundu kwenye uzi wa TOSLINK. Ukipeleka hesabu hizo moja kwa moja kwenye spika, ni sawa na kupeleka karatasi ya nota ukumbini bila mpigaji. Muziki umo wote, ila hakuna anayeusikia.

Ubaya ni kwamba umbo la pini halitoi siri hiyo. Tundu la chungwa la S/PDIF ni RCA ileile, kwa kipimo kilekile, na pini nyekundu au nyeupe ya spika huingia humo bila kusukumwa. Wapo pia waliotumia tundu la milimita 3.5 kutolea dijitali. Kadi za sauti za Sound Blaster Live! zilifanya hivyo, na kompyuta mpakato kadhaa za Apple, kabla ya mwaka 2016, zilificha taa ya TOSLINK ndani ya tundu la hedifoni, kiasi kwamba ungechungulia ungeona wekundu ukiwaka. Tundu ni moja na pini ni moja, lakini vinavyopita ni viwili visivyofahamiana.

Hapo ndipo adapta inapotuponza. Neno hili tulilipokea likiwa na mizigo miwili. Adapta ya ukutani, ile ya pini tatu kwenda pini mbili, hubadili umbo tu. Umeme unaoingia ndio unaotoka. Adapta ya kompyuta mpakato hufanya kazi kubwa zaidi: huchukua umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 unaogeukageuka na kutoa umeme mnyoofu wa volti chache, mara nyingi 19 au 20. Ya kwanza inabadili sura, ya pili inabadili kitu chenyewe. Kwa kuwa zote ni adapta, mnunuzi ana kila sababu ya kuamini kwamba kidubwasha cha bei ndogo kinachounganisha RCA na tundu la 3.5 kitamaliza kazi, hata tundu likiwa la dijitali. Kidubwasha hicho ni shaba na plastiki tu. Kinaunganisha waya na waya. Hakijui kusoma hesabu.

Anachohitaji mtu huyo ni chombo kinachosoma biti na kuzitoa kama volti zinazopanda na kushuka. Huwa ni kiboksi kidogo, chenye tundu la mraba au la chungwa upande mmoja, RCA mbili upande wa pili, na mlango wa umeme wa volti 5. Mlango huo wa umeme ni dalili nzuri: kinachofanya hesabu hula umeme. Mimi chombo hicho nakiita kigeuzi, na sioni haja ya kukiita adapta.

Neno kigeuzi lina ndugu anayejulikana na kila mtu. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analogi tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2015, neno king'amuzi liliingia kila sebule. Hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu, kwa sababu limejengwa juu ya kazi ya chombo: kinang'amua, kinatambua kilichofichwa ndani ya mawimbi. Bibi asiyejua herufi moja ya kigeni alijua kwamba bila king'amuzi hakuna taarifa ya habari. Hilo ndilo umbile la istilahi njema. Kigeuzi kimefuata njia hiyohiyo, kwa ki- ileile na -zi ileile.

Maneno dijitali na analogi, kwa upande wao, yalipata bahati mbaya ya siasa. Katika kampeni za mwaka 2013 nchini Kenya, dijitali likawa jina la upande uliojinadi kwa ujana, na analogi likatupwa kwa wapinzani kama tusi la uzee. Tangu hapo dijitali limebeba maana ya kipya na kizuri, na analogi maana ya kilichopitwa na wakati. Muuzaji anayesema spika hizi ni dijitali mara nyingi anazisifia, hazielezi. Lakini karibu spika zote duniani, hata za bei ya kutisha, mwishoni ni analogi: kwa kawaida ni koili, sumaku na karatasi au plastiki inayotikisa hewa. Sikio nalo halipokei biti.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mfumo wako ni dijitali. Swali ni kigeuzi kiko upande gani. Ukitumia tundu la kijani, kigeuzi kimo ndani ya kompyuta, na spika za kawaida zinatosha. Ukitumia tundu la mraba au la chungwa, kompyuta imekukabidhi hesabu mbichi, na kigeuzi lazima kiwe ndani ya spika au katikati ya njia. Spika zikiwa na mlango wa dijitali tu, na kompyuta ina tundu la kijani tu, utahitaji kigeuzi cha kwenda kinyume, kinachopima volti na kuandika hesabu. Vyombo hivyo ni viwili, na dukani hufanana. Soma penye maneno ya kuingia na kutoka kabla ya kulipa.

Mambo hayajaishia kwenye kompyuta. Simu zisizo na tundu la hedifoni zimeleta vipande vya waya wa USB-C kwenda milimita 3.5, na madukani vyote huitwa adapta. Ndani kuna aina mbili. Moja ni waya mtupu, inayofanya kazi tu kwenye simu inayotoa analogi kupitia mlango huo. Nyingine ina kigeuzi kidogo ndani ya kichwa chake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ndiyo maana mtu huazima ya jirani, ikakataa, akadhani simu imeharibika.

Televisheni nyingi mpya nazo hutolea sauti kwenye tundu la mraba, huku sabufa ya nyumbani ikisubiri nyekundu na nyeupe. Kigeuzi kikishawekwa na kimya kikaendelea, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani hesabu za sauti zisizobanwa. Vigeuzi vingi vya bei nafuu husoma PCM peke yake, na televisheni ikituma Dolby Digital, ambayo ni sauti iliyobanwa, havielewi kitu.

Ombi langu kwa wauza vifaa, walimu wa kompyuta na wanaotunga istilahi ni dogo. Adapta libaki kwa kinachobadili umbo la pini. Kinachobadili sauti yenyewe, kutoka hesabu kwenda volti au volti kwenda hesabu, kiitwe kigeuzi, na kiandikwe hivyo kwenye kibandiko cha bei. Nawe msomaji, ukienda dukani usionyeshe tundu kwa kidole. Sema kinachotoka huku, sema kinachotakiwa kule, kisha uliza kama ndani ya kifaa unachopewa kuna kigeuzi. Muuzaji asipojua, usinunue.